Goti la Kushoto

Kigali ukipanda pikipiki lazima uvae helmeti, na ukishavaa helmeti hakuna anayekujua. Siku moja, tulipokuwa tumetoka kufungwa mechi ya nyumbani, nilipanda moja kunirudisha kwetu Batsinda. Tulipoanza tu kupanda mlima wa Gisozi dereva akaanza kunisimulia mechi. Alikuwepo, anasema. Alimwona kwa macho yake yule kiungo, namba sita, anavyotembea uwanjani mithili ya mtu aliyealikwa harusini akachoka kusubiri chakula. Akasema jamaa moyo wake ulishakwenda Dar es Salaam zamani, hapa umebaki mwili tu unaokuja kuchukua mshahara. Akaniuliza mimi naonaje.

Namba sita nilikuwa mimi. Goti lilikuwa limenivimba ndani ya suruali mpaka nimekaa upande, na huyu bwana ananiuliza naonaje. Nikamwambia naona hivyohivyo. Tulipofika nikamlipa, nikavua helmeti, nikamkabidhi mkononi huku nimemkazia macho. Aliitazama helmeti kama haijapasuka. Mimi hakunitazama. Akageuza pikipiki, akaenda zake kutafuta abiria mwingine.

Siku hizi kazi yangu ni kusimamia watu wanaoshusha marumaru kutoka kwenye malori ya Dar, na wakati wa kupumzika vijana wa pale huniuliza sisi wachezaji tulikuwa tunawajibu vipi mashabiki wakitusema. Swali lenyewe linanichemsha. Tulikuwa hatujibu, bwana. Ndiyo jibu lenyewe hilo. Kila mwanzo wa msimu meneja alitukalisha kwenye viti vya plastiki akatusomea sheria zake, na aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kwamba mchezaji hajibu shabiki, majibu yako uwanjani. Alikuwa akilisema hilo amefumba macho, eti anasali. Shabiki ana mdomo, ana simu, ana redio, ana ngoma, ana wiki nzima mbele yake. Wewe una mpira ambao wenyewe unautafuta. Hebu niambie, ni pasi gani hiyo utakayoipiga, mtu aliye jukwaani aseme kumbe yule si mwizi wa mshahara?

Basi kila mtu akajitafutia namna yake ya kunyamaza. Kipa wetu, Mkongomani mmoja mcheshi, alikuwa anasoma matusi yake kwa sauti ndani ya basi, anayapa maksi, hili saba, hili tisa, anacheka mpaka anafuta machozi. Mimi nilikuwa nalala naye chumba kimoja tukisafiri, na najua usingizi wake ulivyokuwa. Alikuwa anagombana na mabeki ndotoni. Nahodha alifuta kila kitu kwenye simu yake, akabakiwa na tochi na kikokotoo. Winga wetu ndiye aliyejaribu kujibu. Alifunga bao, akalikimbilia jukwaa la mashabiki wetu wenyewe, akaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha. Uongozi ukamsimamisha mbele yao kwenye mazoezi ya Ijumaa aombe radhi, na akaomba, kichwa chini, wakati bao lake ndilo lililotupa ushindi. Nilisimama nyuma yake siku hiyo. Nilitamani aseme neno lingine lolote, hata awatukane wote nifukuzwe pamoja naye.

Maana hapa kwetu shabiki hakai mbali. Ijumaa kabla ya mechi wanakuja mazoezini, wanakaa juu ya ukuta, na viongozi wao wanapewa nafasi ya kutupa nasaha. Ndiyo desturi, na timu isiyopokea nasaha inaonekana ina kiburi. Msimu ule, habari kwamba klabu moja ya Dar inanitaka zilipoanza kuvuma, mmoja wao alisimama akasema wewe Mtanzania tunajua unaondoka, ondoka na miguu yako lakini pointi tuachie. Ukuta mzima ukacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu ya sheria.

Mtanzania! Mimi ni Mnyarwanda, mtoto wa Wanyarwanda. Mama alinizaa Karagwe, upande wa Tanzania, nikakulia huko, Kiswahili ndicho tulichokula nacho na kulala nacho, na tuliporudi nilikuwa nimeshaanza kuota ndevu. Nikicheza vizuri nilikuwa mwana wa nchi. Nikipoteza mpira, papo hapo nilikuwa mtu wa kuja, nirudi kwetu. Sijawahi kuona uraia unaobadilika ndani ya kipindi kimoja cha mchezo, ila wangu.

Sasa nimlete mama, maana bila yeye hakuna habari hapa. Tulikuwa tunaishi wawili, nyumba ya mwisho kabla ya kona, yeye na cherehani yake barazani, na redio juu ya kiti. Mama hajui mpira. Aliwahi kuniuliza kwa nini wale watu wa pembeni wenye vibendera hawapewi mpira hata mara moja, jamani, na wanakimbia vile. Uwanjani alikuja siku moja tu, akakaa amejifunika uso kwa kanga mpaka mwisho. Lakini kile kipindi cha michezo cha asubuhi alikuwa hakikosi, kwa sababu mwanawe anatajwa. Alikuwa anazijua sauti za watangazaji wote, yupi ana mafua, yupi amegombana na mkewe, na walipokuwa wanafungua simu kwa wasikilizaji alikuwa anapunguza mwendo wa cherehani ili asikie vizuri.

Na huko kwenye simu kulikuwa na jirani yetu. Huyu alikuwa wakala wa kutuma na kupokea fedha, anakaa pale kwenye kona chini ya mwavuli wake mkubwa, hatua chache tu kutoka baraza letu. Alikuwa anapiga redioni kila asubuhi ya Mungu. Kwa hiyo mama alikuwa anayapata maneno yake mara mbili, kwanza yenyewe kutoka kona, halafu, muda wa kumeza mate, yaleyale kutoka juu ya kiti. Anatembea. Anajitunza. Ile miguu anawatunzia watu wa Dar. Ikifika jioni mtu huyohuyo anapita mbele ya nyumba, anamwamkia mama kwa mikono miwili, anamwita mukecuru, yaani bi mkubwa, kwa heshima zote, na mvua ikitaka kunyesha anakuja mbio kumsaidia kuingiza cherehani ndani.

Hicho ndicho kilichokuwa kinanitia wazimu. Angekuwa mtu mbaya ningejua pa kumweka. Nilimuuliza siku moja, kwa ustaarabu, kama anajua kwamba mama anasikia. Alishangaa kweli. Akanipiga bega akaniambia ule ni mpira tu, ndugu yangu, mpira unabaki kwenye mpira. Kwake yeye wa redioni alikuwa namba sita, na mimi nilikuwa mtoto wa jirani, na hawa wawili hawajawahi kukutana. Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huyu kitanda alikuwa anakiona dirishani.

Na ukweli wenyewe ulikuwa huu. Goti langu la kushoto lilikuwa linajaa maji. Lilianza kwenye mechi moja ya matope, nikageuka mwili ukageuka na mguu ukabaki. Daktari wa timu aliyavuta maji kwa sindano, yakarudi, akayavuta tena, yakarudi. Alisema si la kupasua, linataka kupumzika tu, msimu ukiisha likitulia litapona lenyewe. Watu wa Dar niliwaambia, sikuwaficha kitu. Wakasema daktari wao ataliangalia, lakini kwanza wanamtuma mtu wao aje kuniona kwenye mechi yetu ya mwisho nyumbani, nisimame mpaka kipyenga cha mwisho. Basi. Nikisimama, mkataba upo. Nilikuwa nimefika ule umri ambao mchezaji hafunguliwi milango miwili, na huo ndio uliokuwa mlango wangu.

Kwa hiyo ni kweli nilikuwa natembea. Kocha mwenyewe ndiye aliyenipanga hivyo, nisikimbilie mpira, nisimame pale utakapokuja. Nilisoma mchezo mpaka kichwa kinauma, kuokoa mbio moja hapa, mbio moja pale, ili timu yao isikose mtu katikati, maana aliyekuwa wa kuchukua nafasi yangu alikuwa amefungiwa kwa kadi. Nilikuwa nalimaliza goti langu kwa ajili yao, na wao wamekaa na njugu zao wanasema najitunza. Hilo mpaka leo likinijia nikiwa peke yangu nasimama, natembea chumbani.

Na kwa nini tusiseme? Kwa sababu goti bovu likishajulikana kwenye ligi ni mali ya wote. Hakuna kocha atakayewaambia vijana wake waziwazi, mvunjeni. Atasema tu, yule upande wa kushoto hajisikii vizuri, na kila mpira wa katikati utakuja na buti upande wa kushoto. Waliojua walikuwa kocha, daktari, nahodha, na mama, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa ananikanda kila jioni kwa maji ya moto na chumvi, nimenyoosha mguu juu ya kigoda, yeye amepiga magoti. Nilimwambia ni siri ya timu. Mama akaielewa siri ya timu kwa akili ya mama. Aliona kwamba wakubwa wa timu wanauficha ugonjwa wangu ili wao wasionekane wakatili, na bora mtoto wake aonekane mvivu. Alikuwa ananikanda huku anawasonya.

Wiki ya ile mechi ya mwisho, asubuhi moja, jirani akapiga simu yake kama kawaida. Siku hiyo alikuwa na moto. Akasema anatembea, akasema anajitunza, akafika mahali akasema huyu kijana kama ana mama, basi mama yake amwambie arudishe jezi ya watu. Sidhani hata alifikiri. Neno lilikuja tu, lina mvuto wake, watangazaji wakacheka.

Mama alisimama. Haya mengine alikuja kunisimulia jirani mwenyewe baadaye, na naamini, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuyatunga. Aliacha gauni la mtu chini ya sindano, akaenda mpaka kwenye mwavuli, na hakumgombeza. Alikuwa analia bila sauti. Akamwomba amsaidie kuingia kwenye simu ya redio, kwa kuwa yeye amejaribu mara nyingi na simu yake inakatika, na anaona mwenzake kila siku anaingia. Na jirani akampisha kwenye kiti chake. Akatoa simu yake mwenyewe, akapiga, ikakatika, akapiga tena, akamweleza yule binti anayepokea kwamba hapa kuna mtu muhimu, akasubiri naye mpaka wakamweka hewani, kisha akamshikia simu sikioni.

Mimi nilikuwa chumba cha kubadilishia nguo. Mtunza vifaa wetu alikuwa amefungulia kipindi kwenye simu yake juu ya rundo la soksi, watu wanavaa, wanataniana. Nikasikia sauti ya mama yangu ikitoka kwenye soksi.

"Mimi ni mama yake," alisema.

Alikuwa anaongea Kinyarwanda chake kilichochanganyika na Kiswahili cha nyumbani, polepole, anavyoongea na wateja wanaolalamika mikono ya gauni imekuwa mirefu.

"Mnasema anatembea. Anatembea kwa sababu goti limejaa maji, na wakubwa wake wanajua. Mimi ndiye ninayelikanda kila jioni. Mwacheni mtoto wangu."

Mtangazaji alishusha sauti. Kwa upole wote uliomo duniani akamuuliza, "Goti lipi, mama?"

"La kushoto."

Nahodha aliinuka, akaichukua simu, akaizima, akaketi karibu yangu. Hakuna aliyenitazama. Kipa alikuwa na glovu moja mkononi, nyingine anaitafuta wakati iko mapajani mwake. Siku hiyo hakutoa maksi.

Nilirudi nyumbani nimejaa. Njia nzima nilikuwa napanga nitakachomwambia, na kilikuwa kingi. Nikamkuta barazani, uso umetulia kuliko nilivyouona msimu mzima. Majirani walikuwa wamekuja kumpa pole na kumpongeza, mmoja amemletea mtindi, na wa mwavuli ameomba radhi mbele ya watu. Maji ya chumvi yalikuwa tayari. Aliniuliza kama nimesikia, nikasema nimesikia. Akaniambia sasa watajua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini uchungu wa kutazama mzazi amefurahi vile sijui anaujua nani. Nikaketi, nikanyoosha mguu.

Kocha aliniuliza kama niachwe nje. Lakini mtu wa Dar alikuwa ameshapanda ndege, na benchi halioneshi mtu chochote. Nikasema nacheza. Nahodha akaja na ujanja wa zamani ambao kila mchezaji anaujua, akanifunga bandeji kubwa nyeupe goti la kulia, lile zima, na la kushoto tukaliacha wazi. Ujanja huo hufanya kazi kama watu wamesikia tu kwamba kuna goti linauma. Hawa wapinzani wetu walikuwa wameambiwa ni lipi, tena na mama mzazi, tena redioni.

Tulipoingia uwanjani jukwaa letu lilisimama. Lote. Ngoma zikapigwa kwa jina langu, watu walewale wa ukutani, koo zilezile. Nikigusa mpira wanashangilia. Nikaupoteza mmoja, wa kizembe kabisa, pasi ambayo wiki iliyopita ingeniletea kila tusi lililopo, na wakapiga makofi kunipa moyo. Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo. Kwa hiyo mlikuwa mnaweza. Makofi yalikuwemo mikononi mwenu wakati wote, na mlikuwa mnasubiri niwe mgonjwa. Nilikimbia. Kwa mara ya kwanza tangu lile tope nilikimbia kweli, siyo kwa sababu ya mtu wa Dar, kwa hasira tu, nawaonesha, na pengine kama ningetembea kama kawaida yangu ningefika mwisho.

Mpira ulianguka katikati yetu, mimi na kiungo wao. Niliufikia mimi. Yeye alifika baadaye, kwa buti, kushoto. Nilisikia kabla sijahisi. Nilikuwa chini, nyasi ziko mdomoni, na bandeji nyeupe ya goti la kulia iko safi vilevile kama ilivyotoka kwenye paketi. Yule kijana aliinama juu yangu kabla refa hajafika. Uso wake ulikuwa umemshuka.

"Nisamehe, kaka," alisema. "Tuliambiwa."

Simchukii. Mimi pia niliwahi kuambiwa, siku nyingine, goti la mtu mwingine.

Wakanitoa kwa machela, uwanja mzima umesimama, hata upande wa wapinzani, wanapiga makofi yale ya taratibu wanayopigiwa watu wanaokwisha. Mtu wa Dar aliondoka kabla ya mapumziko. Alituma ujumbe mzuri sana wa pole, akanitakia nafuu ya haraka, na tangu hapo sijamsikia. Daktari wa hospitali, baada ya kunipasua, alikuja na tabasamu akaniambia nisiwe na wasiwasi, nitatembea vizuri kabisa. Nikamwomba atoke nje.

Halafu wakaja. Wamevaa jezi, wamebeba maziwa, matunda, kadi kubwa waliyoisaini wote. Waliomba dua, wakapiga picha, mmoja akalia. Redioni walinitengea asubuhi nzima, eti shujaa aliyecheza kwa maumivu, na kila aliyepiga simu alisema yeye siku zote aliona kuna kitu. Siku zote aliona! Nilikuwa nimelala pale nimefungwa mguu mpaka paja, na ninachotaka ni mtu mmoja tu apige aseme, mimi nilimtukana, na nilikuwa sijui ninachosema. Hakupiga. Matusi yalikuwa na wenyewe mia. Siku ya kuyakiri hayakuwa na mwenyewe.

Niliporudishwa Batsinda wakaniweka barazani, mguu juu ya kigoda kilekile, karibu na cherehani. Jirani alifunga mwavuli wake mapema akaja kuniona, na mkungu wa ndizi begani. Mama akafurahi, akamkaribisha, akaingia ndani kuchemsha chai. Tukabaki wawili. Alikuwa anaitazama ile plasta, kisha ananitazama mimi, na nikaona kwamba anajua. Huyu mpira anaujua. Alishapiga hesabu yake.

"Nilitaka tu kumsaidia mukecuru," alisema polepole. "Alikuwa analia."

"Najua."

"Ningejua..."

Nikamwambia asiendelee. Nikamwambia msimu mzima alikuwa na mdomo na hakujua chochote, na leo anajua, sasa ndiyo afunge. Sauti yangu ilikuwa chini, kwa sababu ya mlango ulio wazi, na nadhani ndiyo maana aliogopa. Nilimwambia hivi, na haya niliyasema neno kwa neno kama ninavyoyaandika.

"Mama yangu anaamini mpira una ajali. Siku atakaposikia kutoka kwako, au redioni, au kwa mtu uliyemwambia wewe, kwa nini goti hili lilivunjika, nitakuja mpaka kwenye mwavuli wako kwa magongo yangu haya, na hutakuwa na jino la kupigia simu."

Akaitikia kwa kichwa. Nilitaka abishe. Nilitaka aseme ni mpira tu, mpira unabaki kwenye mpira, ili nipate pa kuitupa ile hasira, lakini alikaa tu na mikono katikati ya magoti, mazima yote mawili.

Mama akatoka na chai, kikombe cha kwanza akampa yeye kwa kuwa ni mgeni. Akarudi kwenye cherehani, akakata uzi kwa meno. Redio ilikuwa inanong'ona juu ya kiti, wananitaja tena, wananiombea. Akasikiliza kidogo, kichwa upande, huku anatabasamu.

"Unawasikia?" aliniambia. "Si watu wabaya. Walikuwa hawajui tu. Ilibidi mtu awaambie."

Jirani aliinamia kikombe chake. Nikamwambia mama ni kweli, alifanya vizuri. Akanyoosha mkono, akaongeza sauti.